Mtaa Uliowashwa Chini ya Ngazi

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Agosti, wanawake wa Mtaa wa Nyuma ya Reli walikuwa juu ya paa la saruji la Bi Mabruka wakiviringa unga wa ngano kuwa kuskusi ya mwaka mzima. Walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alikuja na sinia lake la mbao, chekeche lake, na uzi wake wa rangi. Kwetu kuskusi ya wote huanikwa juu ya paa moja lenye jua zuri, na ikishakauka hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa iliyofanana. Bila uzi hakuna anayejua mfuko upi ni wa nani. Uzi wa Bi Mabruka ulikuwa mweusi na mwekundu uliosokotwa pamoja. Wa Zina ulikuwa wa manjano. Wa jirani yake Tawes ulikuwa wa manjano vilevile, ila una mafundo mawili, na kwa jambo hilo wawili hao walikuwa hawasemeshani mwaka wa tisa.

Chini yao, katika kijichumba cha chini ya ngazi ambamo zamani waliweka makaa, Wasila mjukuu wa Bi Mabruka alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya mtumba iliyovushwa kutoka Libya ndani ya gunia la viatu. Feni yake ya ndani ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba.

Bi Mabruka alishuka kuchukua maji.

"Unafanya nini humo, mwanangu? Wenzio wanaungua jua huko juu."

"Naunda ruta, bibi. Za kuelekeza mawasiliano."

"Ziko wapi?"

"Humu ndani."

Bi Mabruka akainama, akachungulia. Aliona visanduku vidogo vilivyochorwa, vimeunganishwa kwa mistari.

"Hizi ni picha za ruta."

"Si picha. Ndani ya hii kompyuta nimetenga mashine pepe, yaani kompyuta nyingine isiyo na mwili. Ndani ya hiyo nimetia programu ileile inayokaa kwenye ruta ya chuma. Yenyewe haijui kama haina bati. Ukiibishia hodi, inaitika."

"Kwa hiyo inajiona ni ruta."

"Ndiyo, bibi."

"Kama ami yako Lazhar anavyojiona ni meya," alisema Bi Mabruka, akatwaa ndoo yake, akapanda ngazi.

Mji wetu, Ain Rabta, ni mji wa fosfati, jiwe la kutengenezea mbolea. Fosfati huchimbwa, hupakiwa kwenye treni, treni hupita nyuma ya nyumba zetu mara nne kwa siku kwenda baharini, na hurudi tupu. Maji ya kwetu hugeuza meno ya watu kuwa ya kahawia tangu utotoni. Ukienda Gafsa, makao ya mkoa wetu, kwenye ofisi yoyote, hujafungua hata bahasha, ukitabasamu tu wameshajua umetoka wapi, na kiti unachopewa ni kile cha karibu na mlango.

Miaka mitatu kabla ya kuskusi hiyo, mkandarasi aitwaye Bwana Shadli, mwenye Kampuni ya Nyuzi za Kusini, aliletwa kuunganisha mtaa na mtandao, nyumba zote thelathini na saba. Alichimba mtaro akaufukia. Aliweka kabati la chuma la kijani kwenye pembe ya njia, karibu na tangi la maji. Mheshimiwa mmoja alikuja akakata utepe, akala keki, akaondoka. Siku ya pili paka alisukuma mlango wa kabati kwa kichwa akaingia kuzaa, maana ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na ruta, hapakuwa na swichi ya kugawa laini, hapakuwa na hata msumari. Mtaro nao ulikuwa na udongo tu, ule uliotoka ukarudishwa.

Watu walikwenda Gafsa kulalamika. Karani alitazama kioo cha kompyuta yake.

"Mmeunganishwa," alisema. "Hapa mtaa wenu wote ni wa kijani."

"Mwanangu, kwenye kabati mna paka," alisema Lazhar, mstaafu wa mgodini.

"Paka hayumo kwenye mfumo, mzee."

Basi ikawa hivyo. Simu za mkononi zilishika tu juu ya kilima cha taka za fosfati. Aliyetaka kuzungumza na mtoto wake aliye mbali alipanda, akazungumza huku anakohoa, akashuka. Lazhar, mwenye goti bovu, alikuwa na binti mjini Sfax na simu ya mezani iliyogawiwa kila nyumba siku ya utepe. Aliiweka juu ya kabati la vyombo na kuifuta vumbi kila Ijumaa.

Wasila alikuwa amesomea mitandao na kufaulu kuliko wote darasani mwake. Kila Septemba ofisi ya mawasiliano ya Gafsa huajiri fundi mmoja, na asiwe amefika miaka thelathini. Mwaka uliopita alikwenda kwenye usaili. Bwana Monji, msimamizi wa ajira, alimtazama meno kwanza, kisha vyeti.

"Maksi nzuri," alisema. "Lakini umejifunzia vifaa vya kuigiza. Si vya kweli. Sisi tunataka fundi aliyeshika chuma."

"Chuma kimoja ni dinari elfu nne, bwana. Kwetu angekishika nani?"

"Hilo si swali la usaili, binti."

Sasa ilikuwa Agosti. Wasila angetimiza thelathini tarehe mosi Oktoba. Usaili ulikuwa tarehe ishirini Septemba, na ulikuwa wa mwisho kwake. Safari hii kila mwombaji alitakiwa aje na mtandao kamili aliouunda mwenyewe. Yeye akaenda baladia, ofisi ya mji, ambako mchoro wa Bwana Shadli ulikuwa umetundikwa ukutani ndani ya fremu, akaunakili wote kwa penseli. Ulikuwa mchoro mzuri, haukuwa na kosa. Ruta moja kubwa kwenye kabati la pembeni, swichi mbili, ruta ndogo thelathini na saba, moja kila nyumba.

"Wao walichora wasijenge," alimwambia bibi yake. "Mimi nitajenga walichochora."

Aliunda ruta moja ndogo, akaijaribu, akaona ni nzima. Kisha, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu haba na yeye alikuwa na siku chache, aliinakili mara thelathini na sita. Kila nakala akaipa jina la mama mwenye nyumba. Jumapili baada ya adhuhuri aliziwasha zote. Kompyuta ikapata moto hata Bi Mabruka akaona ni hasara kuuacha upotee, akaweka juu ya rafu yake sinia la pilipili zikauke.

Alasiri, simu ya mezani ya Lazhar ililia. Aliipokea. Alikuwa binti yake wa Sfax. Walizungumza nusu saa, wakagombana kidogo, wakapatana. Baadaye Lazhar alikuja na sahani ya tini.

"Hizi ni zako, fundi," alimwambia Wasila. "Sikupanda kilima leo."

"Laini imeshika, ami?"

"Imeshika. Mbona ina mlio wa feni?"

"Ndiyo hii," alisema Wasila, akaonyesha kompyuta. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote ila umeme.

Lazhar aliitazama. "Ningekuwa wewe ningeiwekea kitambaa," alisema. "Vumbi la hapa halina adabu."

Jioni hiyo ndani ya kabati la kijani kulikuwa na taa tatu ndogo zikimetameta hewani, hazikushikiliwa na kitu. Paka alisogeza watoto wake karibu nazo kwa ajili ya joto.

Tatizo lilianza Jumatatu. Wa kwanza kulalamika alikuwa Zina, aliyekuwa akipigiwa simu na dada wa Tawes aliye Tunis na kuulizwa habari za uvimbe asio nao. Kabla ya mchana mambo yalipita simu. Tawes alipika bamia, akafunua sufuria akakuta dengu. Bamia ilikuwa kwa Zina. Lazhar alirudi kutoka kwenye mkahawa, akasukuma mlango wake, akavua viatu, akala chakula cha mchana chote, na alitambua kuwa hayuko kwake pale tu alipoona kuwa mchuzi hauna pilipili. Ilikuwa nyumba ya kinyozi, ya nne kutoka kwake.

"Ungesema," alimlaumu kinyozi.

"Nilidhani umekuja kuonja. Na mimi nimetoka kula kwako. Mkeo ana mkono mkali, ami, ulimi wangu umekufa."

Zina na Tawes, wasiosemeshana mwaka wa tisa, walijikuta wanatumia mlango mmoja wa jikoni.

"Toka jikoni kwangu, mwizi wa uzi!"

"Jikoni kwako wapi? Huoni masizi? Kwangu hakuna masizi!"

"Kwako hakuna masizi kwa kuwa hupiki!"

Wasila alipanda darini akawaeleza kosa lake mbele ya wote, uso umemwiva. Kila kifaa huzaliwa na anwani yake, isiyofanana na ya kingine duniani. Ukikinakili kifaa, unanakili na anwani, na sharti uibadilishe kwa mkono moja baada ya moja. Yeye kwa haraka hakubadilisha. Nyumba thelathini na saba zilikuwa na anwani moja, na kilichotumwa kwa mmoja kiliingia mlango wowote kilioukuta.

Wanawake walimsikiliza huku wakichekecha.

"Yaani hukufunga uzi," alisema Bi Mabruka.

"Sikufunga uzi, bibi."

"Mtoto umekaa miaka ishirini na tisa kwenye paa hili hujajifunza kufunga uzi! Haya, leta daftari."

Wasila alipita nyumba kwa nyumba, akaandika rangi ya uzi wa kila mama, na kutokana na rangi hizo akazipa ruta anwani zake. Zina alikubali kuwa manjano tupu. Tawes alikubali manjano yenye mafundo mawili, akasema akubali nini na ndiyo yake tangu kuolewa. Usiku wa Jumanne kila bamia ililala kwenye sufuria yake.

Kosa la pili halikuwa kubwa. Alhamisi Wasila alikwenda sokoni kununua feni ya mezani ya kuipoza kompyuta, akasahau kuizuia isilale yenyewe. Aliporudi alikuta mtaa wote umesimama, ila yeye, aliyekuwa nje ya mtaa kompyuta ilipolala. Lazhar alikuwa mlangoni pake ameshika gilasi, na chai aliyokuwa akimiminiwa na mkewe ilikuwa imening'inia kati ya birika na gilasi kama uzi wa asali. Zina na Tawes walikuwa wamekabiliana, vinywa wazi, kidole cha mmoja karibu na pua ya mwingine. Treni ya fosfati tu, ambayo haikuwemo kwenye mchoro, ilikuwa inapita kama kawaida, na paka aliyekuwa akivuka reli. Wasila aliwazunguka kwa uangalifu asiwapindue, akaingia chini ya ngazi, akabonyeza kitufe.

Chai ikatua. Tawes akamaliza neno lake, halikuwa neno zuri.

"Mbona kivuli kimehama?" aliuliza Lazhar.

"Mlizimika, ami. Kompyuta ililala kwa muda wa saa moja na nusu. Nisamehe."

"Si kitu. Goti limepumzika," alisema, akaenda kulipa swala ya alasiri iliyompita.

Tangu siku hiyo Wasila aliizuia kompyuta isilale kabisa, na kila alipotoka bibi yake aliketi kuilinda akichambua mchicha.

Katika wiki ya kwanza ya Septemba alikuja mkaguzi kutoka mji mkuu. Alikuwa anajibu barua ambayo Lazhar aliituma miaka miwili na nusu nyuma, yenye alama za vidole gumba thelathini na saba. Alikuja na gari jeupe, dereva, na Bwana Shadli. Bwana Shadli alikuwa amevaa suti na jasho lilikuwa linamtoka hata kivulini, maana yeye alijua ndani ya kabati lake mna nini.

Mkaguzi alifungua kompyuta yake mpya juu ya boneti la gari, akabisha hodi kwa kila kifaa kilichoandikwa kwenye orodha. Kila kifaa kiliitika. Thelathini na saba kwa thelathini na saba. Bwana Shadli alifuta jasho, akatazama mbinguni, akajiona mtu mwema.

Mkaguzi alifungua kabati. Aliona paka, watoto wanne, na taa tatu hewani.

"Sivioni vifaa," alisema.

"Ni vya kisasa," alisema Bwana Shadli. "Vimepunguzwa."

Mkaguzi aliandika: vifaa vya kisasa.

Wasila alikuwa amesimama hapo muda wote. Akasema, "Bwana mkaguzi, hivyo vilivyokuitikia ni vyangu. Viko nyumbani, ndani ya kompyuta, chini ya ngazi. Huyu bwana hakuweka kitu. Njoo uone."

Mkaguzi alikuwa mtu wa utaratibu, akaja. Aliinama chini ya ngazi, akatazama visanduku vilivyochorwa na mistari, akatazama na sinia la pilipili.

"Hivi ni vya kuigiza," alisema.

"Ndiyo."

"Basi si vya kweli. Mimi nimekagua vya kweli, vilivyoitika."

"Ndivyo hivihivi vilivyoitika!"

"Binti, kitu kisicho cha kweli hakiitiki. Usinifundishe kazi."

Wasila akaizima ruta ya Zina. Nje, Zina, aliyekuwa mlangoni na ufagio akimweleza Bwana Shadli ukoo wake kuanzia babu, alisimama kimya katikati ya babu. Mkaguzi alitoka, akamtazama, akabisha hodi tena kwenye kompyuta yake.

"Thelathini na sita kwa thelathini na saba," alisema. "Kiwango kinaruhusu hitilafu mbili."

"Hitilafu hiyo nimeitia mimi mbele ya macho yako!"

"Haiulizwi nani kaitia. Inahesabiwa."

Wasila alirudi ndani, akakaa mbele ya kioo. Alimwasha Zina, na babu akaendelea. Kisha akamtazama bibi yake.

"Nikizizima zote ataona. Lakini tutazimika sisi sote, na mimi ndani yake. Nitaziwekea ziwake zenyewe baada ya nusu saa."

Bi Mabruka alikuwa na mchicha mapajani. Hakufikiri muda mrefu.

"Zima, mwanangu. Miaka mitatu tunawapigia kelele hawatuoni. Wacha watuone kama walivyotuacha."

Wasila akazizima zote.

Yaliyotokea nusu saa ile hakuna wa mtaani aliyeyaona. Aliyeyasimulia ni dereva, baadaye, kwenye mkahawa wa stesheni, na hakuwa na sababu ya kuongopa. Alisema mtaa ulinyamaza. Watu walikuwa milangoni, juu ya mapaa, kisimani, kila mmoja alipokuwa. Taa tatu za kabati zilizimika na paka akatoka kuota jua. Bwana Shadli alisema umeme umekatika, na mkaguzi akaandika kwamba umeme si wa idara yake. Kisha mkaguzi akatembea mlango kwa mlango, maana kanuni inamtaka awaulize wakazi kama wana malalamiko, na aulize mara tatu kwa sauti ya kusikika.

"Kuna mwenye malalamiko?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu.

Aliuliza mara ya pili mbele ya Lazhar, aliyekuwa amenyanyua mkono na kufungua mdomo. Alimsubiri kidogo. Lazhar hakusema. Aliuliza mara ya tatu chini ya ngazi, mbele ya Wasila mwenye kidole kwenye kitufe. Wakati huo Bwana Shadli aliona sahani ya tini mezani, akala. Dereva alipewa mbili.

Mtaa ulipowaka, gari lilikuwa limeshaondoka. Kwenye mlango wa kabati la kijani kulikuwa na karatasi yenye mhuri: Mradi umekamilika na unafanya kazi. Wakazi ni watulivu na hawana malalamiko. Chini ya ngazi sahani ilikuwa na vikonyo vya tini.

Lazhar aliisoma karatasi mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"Nilikuwa nayo!" alipiga kelele katikati ya njia. "Malalamiko nilikuwa nayo mdomoni! Wallahi yalikuwa kwenye ulimi! Angengoja tu!"

"Angengoja nusu saa," alisema Tawes.

"Miaka miwili na nusu nimemngoja yeye!"

"Wanatupenda hivyo," Zina alisema, akasimama kando ya Tawes bila kukusudia. "Tukiwa wazima tunawakera. Tukizimika, watulivu."

Tarehe ishirini Septemba Wasila alikwenda Gafsa kwa basi la saa kumi na moja alfajiri. Bi Mabruka alibaki kando ya kompyuta, hakwenda hata msalani mpaka Zina alipokuja kumpokea. Bwana Monji alikuwa kwenye meza ileile.

"Umeshika vifaa vya kweli mwaka huu?"

"Nimeunganisha mtaa, bwana. Nyumba thelathini na saba. Zinafanya kazi hivi sasa. Piga simu uzungumze na bibi yangu."

Bwana Monji alipiga. Bi Mabruka alipokea.

"Nani?"

"Ofisi ya mawasiliano, mama."

"Aa, ni nyinyi. Mpeni mjukuu wangu kazi yake," alisema Bi Mabruka, na sauti yake ilikuwa safi, na nyuma yake ilisikika feni.

Bwana Monji alikata simu akatazama kioo.

"Laini nzuri sana," alisema. "Lakini mtandao huo ni wa Kampuni ya Nyuzi za Kusini. Umekaguliwa, una saini. Wewe hapa hutajwi."

"Wamechora tu. Niliyejenga ni mimi."

"Ulijengea nini?"

"Mashine pepe."

"Si vya kweli basi," alisema Bwana Monji kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari. "Na kama si vya kweli, hujajenga. Binti, mimi ningetaka kukusaidia. Nafasi ni moja, na mwaka huu tumempata kijana mwenye uzoefu wa vifaa vya kweli. Miaka mitatu amefunga mtandao huko huko kwenu."

Alikuwa Ghazi, mpwa wa Bwana Shadli. Cheti chake cha uzoefu kilisema Mtaa wa Nyuma ya Reli, Ain Rabta.

Wasila alirudi kwa basi la saa tisa. Alikuta wanawake wamejaa ngazini wanamngoja, na kwa jinsi alivyoingia na mkoba wake hapakuwa na haja ya kuuliza. Zina alianza kuilaani Gafsa nzima kwa mpangilio, kuanzia ofisi. Wasila alipita katikati yao akaingia chini ya ngazi.

"Nizizime?" alimwuliza bibi yake. "Nizizime zibaki zimezimwa, wabaki na kijani chao?"

Bi Mabruka alimtazama. Kutoka nyumbani kwa Lazhar, simu ilikuwa inalia. Binti yake alikuwa amejifungua asubuhi ile, na watu watatu walikuwa wanagombea kipokezi.

"Uchungu wako ni wa haki, mwanangu," alisema. "Ila wao hawatazimika. Tutazimika sisi."

Wasila aliondoa mkono kwenye kitufe. Tarehe mosi Oktoba alitimiza miaka thelathini, na wanawake walimpikia kuskusi ya mkia wa kondoo.

Ghazi huja kila mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza hakujua kabati linafunguliwa upande gani, Wasila akamfungulia. Alitazama taa tatu hewani, akamtazama paka, akamtazama Wasila.

"Dada, vifaa viko wapi?"

"Viko chini ya ngazi kwetu," alijibu Bi Mabruka, "lakini si vya kweli. Usiviguse, wewe ni fundi wa vya kweli. Njoo unywe chai."

Ni kijana mwenye adabu. Hunywa chai, husema ahsante bibi, hutia saini kwenye karatasi yake kwamba amekagua na kukuta vizuri, na hurudi Gafsa kwenye mshahara wake. Kwenye kioo cha ofisi mtaa wetu ni wa kijani, kijani kilekile cha wakati kabati lilikuwa la paka peke yake.

Agosti nyingine imefika, kuskusi imeviringwa tena. Safari hii wanawake walikuwa kumi na wawili, maana kinyozi amemwoza mwanawe na bibi harusi amekuja na uzi wa kijani kibichi. Wasila alimwundia ruta ya thelathini na nane, akaipa anwani yake mwenyewe, na hakuna bamia iliyopotea. Kwenye mchoro wa baladia nyumba hiyo haimo.

Mifuko ilipofungwa yote, kilibaki kipande cha uzi mweusi na mwekundu. Bi Mabruka alishuka nacho chini ya ngazi akakifunga kwenye sanduku la kompyuta, pale kifuniko kinapoungana na kiwiliwili, mafundo matatu.

"Wa nini, bibi?"

"Siku wakija kuichukua wasiseme hawakujua ni ya nani."

Mwisho wa mwezi Ghazi alikuja. Meza ilikuwa imejaa pilipili, hakukuwa na mahali pengine pa kuandikia, akaweka karatasi yake juu ya kompyuta. Uzi ulikuwa umelalia pale pa saini. Akausogeza kwa kidole, taratibu asiukate, akatia saini.